Mzee na Wanawe Wawili Waliojenga Mji Katika Mashamba ya Viazi

Somo la safari hii ni refu kidogo, kwa hivyo mkiweza ligaweni kwa mikutano miwili. Mmoja wenu anayesoma vizuri asome kwa sauti, na pale tumeweka swali, msimame kwanza mjadiliane kabla ya kuendelea. Katibu aandike majibu.

Tukizunguka vijijini tunakuta vikundi vingi vya kujengeana nyumba. Utaratibu mnaujua wenyewe. Wanachama ishirini, mchango kila mwezi, na zamu ya mama fulani ikifika pesa zinatolewa, mabati yananunuliwa, fundi anaitwa. Ni kazi nzuri sana. Lakini kikundi kimoja tulichotembelea kilikuwa kimemaliza nyumba tatu tu kwa miaka miwili. Kila nyumba ilikuwa na fundi wake, vipimo vyake, na bei yake ya misumari. Mama mwenyekiti akatuuliza, "Kwani hawa watu wa makampuni makubwa ya ujenzi wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Si nao walianza na nyumba moja?"

Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Tulisema "mtaji" halafu tukanywa chai. Tulipofika nyumbani tuliona aibu, tukaanza kusoma juu ya kampuni moja iliyoanzishwa na baba na wanawe, ikajenga nyumba moja, halafu kumi, halafu maelfu. Ni kampuni ya Marekani, iliitwa Levitt and Sons, yaani Levitt na Wanawe. Kuna mambo waliyofanya ambayo hata kikundi cha watu ishirini kinaweza kuiga wiki ijayo. Na kuna mambo waliyofanya ambayo tunawaomba msiyaguse kabisa.

Wakili aliyegeuka mjenzi

Abraham Levitt alizaliwa mwaka 1880 huko Brooklyn, New York, katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya. Nyumbani hakukuwa na kitu. Aliacha shule akiwa bado mtoto, akafanya kazi za kubahatisha, akauza magazeti, lakini hakuacha kusoma vitabu. Mwishowe aliingia chuo kikuu akawa wakili, na kazi yake kubwa ikawa kesi na mikataba ya mashamba na nyumba. Kwa hivyo kabla hajashika tofali alikuwa ameona kwa miaka mingi jinsi watu wanavyonunua ardhi, wanavyodanganywa, na wanavyoshindwa kulipa. Elimu hiyo haikumtoka.

Mwaka 1929 alikuwa na ardhi kwenye kisiwa cha Long Island, mashariki ya mji wa New York. Ardhi hiyo ilimjia kupitia kazi yake ya uwakili, baada ya mjenzi mmoja kushindwa kuendelea. Mzee akaamua kujenga mwenyewe akishirikiana na wanawe wawili. William alikuwa na miaka 22 akafanywa mkubwa wa kampuni. Mdogo wake, Alfred, alikuwa bado hajafika miaka 18, akapewa kazi ya kuchora nyumba. Wote wawili walipitia chuo kikuu wakatoka bila kumaliza, na Alfred hakuwa amesomea uchoraji wa nyumba hata siku moja. Wa kwanza kuchekwa na majirani wangekuwa hao.

Lakini tazameni jinsi walivyogawana. Mzee alishika mambo ya ardhi, mikataba, na baadaye miti na bustani. William alishika pesa, ununuzi na kuuza. Alfred alishika ramani na namna ya kujenga. Aliyetaka kubadilisha dirisha alimwendea Alfred, na aliyetaka kupunguziwa bei alimwendea William.

Alfred hakuridhika na kuchora kwa kubahatisha. Mwaka 1937 mchoraji mashuhuri Frank Lloyd Wright alikuwa na nyumba inayojengwa huko Great Neck, si mbali na kwao. Alfred aliacha kazi za kampuni kwa miezi kadhaa akawa anakwenda pale kutazama tu, jinsi msingi unavyowekwa na jinsi chumba kimoja kinavyofungukia kingine. Sisi tunajua vijana wengi vijijini wanaosema hawawezi kuwa mafundi kwa sababu hawana karo ya chuo cha ufundi. Karo ni shida ya kweli, hatukatai. Lakini kukaa miezi mahali pa kazi ukitazama kwa macho yaliyofunguka, hiyo nayo ni shule.

Swali la kwanza. Katika kikundi chenu, ni nani anayeshika ununuzi, na ni nani anayemsimamia fundi? Kama jibu ni "sisi wote", elezeni ni nini kilitokea mara ya mwisho vitu vilipoharibika.

Hasara iliyowafundisha

Kwa miaka kumi na kidogo walijenga nyumba za watu wenye uwezo. Ulikuwa wakati wa njaa kubwa ya pesa duniani, ile iliyoanza mwaka 1929, lakini hata wakati wa njaa kuna wenye akiba, na akina Levitt waliwauzia hao. Wangeweza kubaki hapo wakazeeka salama.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyowabadilisha. Serikali ya Marekani iliwapa kandarasi ya kujenga nyumba 1,600 na zaidi kwa wafanyakazi wa jeshi la majini huko Norfolk, Virginia. Haraka ilikuwa kubwa, bei ilikuwa ndogo. Walianza kujenga vile walivyozoea, fundi mzuri anaanza nyumba na kuimaliza, wakaona wanachelewa na wanapoteza pesa. Hapo wakakaa chini. Wakaipasua kazi ya kujenga nyumba vipande vipande, kama mtu anavyokata muwa, wakahesabu hatua kama 27 kutoka kusawazisha udongo mpaka kupaka rangi ya mwisho. Kila hatua ikapewa kundi lake la watu.

Kiwandani, kwa mfano pale wanapounda magari, mfanyakazi anasimama mahali pamoja na gari linamfikia. Nyumba haitembei. Kwa hivyo hapa ni watu waliotembea. Kundi la kumwaga simiti lilimaliza ploti ya kwanza likaenda ya pili, na nyuma yake likaja kundi la kusimamisha fremu, nyuma yake la paa, nyuma yake la mabomba. Lori lilipita likiangusha mbele ya kila ploti mzigo ule ule, mbao zilizokatwa tayari kwa kipimo, mabomba, misumari. Hakuna aliyekimbia dukani kutafuta kitu kilichosahaulika. Inasemwa kulikuwa na mfanyakazi ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kufunga mashine za kufulia nguo kwenye sakafu, nyumba baada ya nyumba.

Mwaka 1947, wakati wa Long Island

Vita vilipoisha mwaka 1945, wanajeshi kwa mamilioni walirudi nyumbani, wakaoa, wakapata watoto, na hapakuwa na pa kulala. Kwa karibu miaka kumi na mitano watu walikuwa wamejenga kidogo sana, kwanza kwa kukosa pesa, halafu kwa sababu ya vita. Familia changa zilijibana sebuleni kwa wazazi.

Akina Levitt walikuwa wanatazama nyanda za Hempstead, hapo hapo Long Island, ambako wakulima walipanda viazi. Viazi hivyo vilikuwa vimeingiliwa na minyoo midogo ya mizizi, ile inayoweza kukaa udongoni miaka mingi, na wakulima wengi walikuwa tayari kuuza. (Wakulima wetu wa viazi wasicheke. Minyoo ya aina hiyo hiyo iligunduliwa hapa Kenya mwaka 2015.) Mwezi wa Mei 1947 kampuni ilitangaza kwamba itajenga nyumba 2,000 za kupangisha wanajeshi waliorudi. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo familia za kwanza 300 zilihamia. Hesabuni wenyewe, ni miezi mitano.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Futi za mraba 750, yaani kama futi 25 kwa 30, vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni na choo cha ndani. Ploti ilikuwa futi 60 kwa 100, kubwa kidogo kuliko ile yetu ya hamsini kwa mia. Juu, chini ya paa, waliacha nafasi tupu bila kuimalizia, ili mwenye nyumba akipata pesa na watoto wakiongezeka, amalizie mwenyewe vyumba vingine. Jambo hilo tunalipenda sana. Huku kwetu mara nyingi mtu anaanza nyumba ya vyumba sita, anafika linta, pesa zinaisha, na magugu yanaota sebuleni miaka minane. Afadhali vyumba viwili vilivyokwisha na pahali pa kuongezea.

Kulikuwa na kizuizi cha sheria. Katika eneo lile nyumba ilitakiwa kuwa na chumba cha chini ya ardhi, na kukichimba ni gharama na siku nyingi. Akina Levitt walitaka kumwaga slabu ya simiti juu ya ardhi tu. Baraza la mji lilipokutana kulijadili jambo hilo, wanajeshi waliorudi na wake zao walijaa ukumbini. Sheria ikabadilishwa. Watu wenye shida ya nyumba walifika wenyewe mbele ya wakubwa, wakaonekana.

Kwanza nyumba zilikuwa za kupangisha kwa dola 60 kwa mwezi. Kuanzia mwaka 1949 wakauza moja kwa moja, dola 7,990 kwa nyumba, na mwanajeshi hakulipa pesa za kwanza hata senti. Kufikia mwaka 1951 nyumba zilikuwa 17,447. Wakati kazi ilipopamba moto walikuwa wakimaliza zaidi ya nyumba 30 kwa siku moja. Mahali pale pakaitwa Levittown, mji wa Levitt, na mwaka 1950 picha ya William ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time.

Misumari na watu wa katikati

Hapa ndipo wenye hesabu wasogee karibu. William aliona kwamba kati ya msitu na nyumba kuna watu wengi wanaokula kidogo kidogo. Mpasuaji mbao anamwuzia tajiri wa jumla, huyo anamwuzia mwenye yadi, na mwenye yadi anamwuzia mjenzi. Kampuni ikanunua msitu na kiwanda cha mbao huko California. Ikatengeneza misumari yake yenyewe. Ikaanzisha kampuni ndogo ya kununua vifaa moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji, ili majiko na mashine za kufulia zisipite mikononi mwa wachuuzi.

Kikundi hakitanunua msitu. Lakini tuseme bati moja kwenye hadiwea ya sokoni linazidi bei ya jumla kwa shilingi 50. Tuseme nyumba moja inataka mabati 30. Nyumba ishirini ni mabati 600, na 600 mara 50 ni shilingi 30,000. Pesa hizo mnazimwaga barabarani kwa sababu kila mama ananunua peke yake siku ya zamu yake. Wekeni bei halisi za kwenu mpige hesabu ubaoni.

Tunatoa tahadhari moja, kwa sababu tumeona kikundi kikilia. Mabati na misumari vinaweza kungoja. Simiti haingoji. Ikikaa stoo miezi, hasa wakati wa mvua na bila kuinuliwa juu ya mbao, inashika unyevu na kuwa mawe ndani ya mfuko. Nunueni mabati kwa pamoja, lakini simiti nunueni ya nyumba inayojengwa wiki hiyo. Na ufunguo wa stoo usikae na mtu mmoja. Wawe wawili, tena wasiwe wa boma moja.

Kuhusu ule mpango wa hatua, hata nyumba yetu ya nguzo, udongo na mabati ina hatua zake. Kupima na kusawazisha, kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo, kupiga fito, kuinua paa, kuezeka, kukandika, milango na madirisha, sakafu. Kama nyumba tano zinajengwa msimu mmoja, kwa nini watu wa mashimo wasichimbe ya nyumba zote tano kwa siku mbili, na fundi wa paa akija aje mara moja tu, akute nyumba tano zinamngoja? Fundi huyo atawapunguzia bei, kwa sababu ana hakika ya kazi ya wiki mbili. Lakini itabidi nyumba zote tano ziwe na kipimo kimoja, na hapo ndipo tunajua mtagombana. Mama mmoja atataka yake iwe ndefu kuliko ya jirani.

Hata kule watu walicheka. Walioishi mjini kwenye nyumba nzuri walisema ati huyo mji ni masanduku yaliyofanana, mtu akirudi jioni hajui mlango wake. Lakini wenye nyumba waliongeza chumba huku, veranda kule, wakapaka rangi walizozitaka, na baada ya miaka ilikuwa kazi kukuta nyumba mbili zinazofanana. Mzee Abraham alihakikisha kila ploti ina miti, pamoja na ya matunda, akawa hata anaandika gazetini kuwafundisha watu kutunza bustani. Alikuwa mkali pia. Usipokata nyasi zako kila wiki, kampuni ilituma mtu akate na wewe unaletewa bili.

Jambo moja hatuwasifu. Wafanyakazi walilipwa kwa kazi waliyomaliza, na kampuni haikutaka vyama vya wafanyakazi. Waliokuwa na mikono myepesi walipata pesa nzuri. Ambaye mgongo unauma tunadhani hakuona uzuri wa mpango huo.

Swali la pili. Ni vitu gani vitatu mnavyoweza kununua kwa pamoja mwaka huu? Na ni nani atakayewaeleza wanachama kwamba nyumba zitakuwa za kipimo kimoja?

Mdhamini aliyesimama nyuma

Tulimjibu yule mama mwenyekiti "mtaji", na kwa kweli hatukukosea kabisa. Ila mtaji huo haukutoka mfukoni mwa mzee Levitt. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliunda shirika la kudhamini mikopo ya nyumba. Zamani mkopaji alitakiwa kuwa na sehemu kubwa ya bei mkononi na kulipa iliyobaki kwa miaka michache. Serikali ikaziambia benki, kopesheni kwa miaka 25 au 30, mkopaji akishindwa sisi tutalipa. Halafu mwaka 1944 ikapitishwa sheria ya kuwasaidia wanajeshi, na dhamana ya serikali ikawawezesha kukopa bila kuweka pesa za kwanza.

Benki zilipoona dhamana, zilimkopesha mjenzi hata kabla nyumba haijainuka, kwa kuwa wanunuzi walikuwa na hakika. Hebu toeni dhamana hiyo muone, kampuni ya Levitt ingebaki ya nyumba mia chache za matajiri. Tunalisema hili kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba tajiri fulani alijiinua mwenyewe kwa bidii. Bidii ilikuwepo. Lakini chini ya bidii kulikuwa na mkono wa umma, pesa za walipa kodi wote.

Kumbukeni neno hilo, wote, kwa sababu sasa tunafika mahali pabaya.

Mlango uliofungwa

Katika mkataba wa kupangisha wa Levittown, kifungu cha 25 kilisema nyumba isikaliwe na mtu yeyote asiye wa asili ya Kizungu, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Mwanajeshi mweusi aliyepigana vita ile ile, akalipa kodi ile ile, hakuruhusiwa. Angeweza kuingia kwa mlango wa jikoni akiwa na ufagio, basi.

Shirika la serikali lenyewe lilipendelea mitaa ya rangi moja na kuwashauri wajenzi hivyo. Mwaka 1948 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha vifungu vya namna hiyo. Kampuni ikaviondoa kwenye karatasi, lakini ikaendelea kuwakataa watu weusi mezani. William alijitetea kwamba yeye ni mfanyabiashara, akiwauzia weusi, weupe wengi hawatanunua. Na huyu alikuwa Myahudi, mtu wa jamii iliyojua vizuri kufungiwa milango. Wazee wetu walioishi Nairobi ya wakoloni hawahitaji kuelezwa haya. Huko nako kulikuwa na mitaa ambayo hati zake zilikataza Mwafrika na Mhindi kuishi humo, isipokuwa Mwafrika awe mtumishi.

Kampuni ilijenga Levittown ya pili huko Pennsylvania, nyumba zaidi ya 17,000, kuanzia mwaka 1952. Mwezi wa Agosti 1957 familia ya kwanza ya watu weusi ikahamia humo, Bill na Daisy Myers pamoja na watoto wao. Bill alikuwa mwanajeshi wa zamani, Daisy alikuwa mwalimu. Kampuni haikuwauzia. Waliinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Umati ulikusanyika nje ya nyumba yao usiku baada ya usiku, ukapiga kelele na kurusha mawe mpaka madirisha yakavunjika, na polisi wa jimbo wakaitwa. Walikuwepo pia majirani weupe waliokwenda kukaa nao, wengine wakasaidia kazi za nyumbani. Familia ya Myers haikukimbia. Ilikaa hapo miaka kama minne mpaka ilipohama kwa hiari yake mwaka 1961.

Mji wa tatu ulikuwa huko New Jersey. Huko watu weusi walikwenda mahakamani, na mwaka 1960 kampuni ikalazimika kufungua mlango.

Mnaweza kusema, ni ya zamani. Lakini nyumba ile ya dola 7,990 leo inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Familia iliyoingia mwaka 1949 ilipata kitu cha kusomeshea watoto, cha kukopea, cha kuwaachia wajukuu. Familia iliyozuiwa mlangoni iliendelea kulipa kodi kwa mwenye nyumba wa mtu mwingine, na wajukuu wakarithi risiti.

Swali la tatu. Someni tena katiba ya kikundi chenu, hasa mahali panaposema nani anaweza kuwa mwanachama. Je, mjane aliyefukuzwa kwa shemeji anaweza kuingia? Mpangaji? Mtu aliyekuja kutoka upande mwingine? Na kama katiba haimkatazi, je, kiingilio kinamkataza? Msijibu haraka. Muulizeni mmoja wa hao ambao hawamo.

William peke yake

Mwaka 1954 ndugu hao wawili waliachana katika kazi, William akabaki na kampuni. Mwaka 1960 hisa zake zikauzwa kwa umma. Mzee Abraham alifariki mwaka 1962 na Alfred mwaka 1966. Waliokuwa wakimwambia William "ngoja kidogo" walikuwa wameondoka.

Mwaka 1968 aliiuza kampuni kwa shirika kubwa lililoitwa ITT kwa kiasi cha dola milioni 92. Ni utajiri wa kutisha, lakini malipo yalikuwa hisa za ITT. Tena alitia sahihi kwamba hatajenga nyumba Marekani kwa miaka kumi. Akachukua mikopo mikubwa kwa kuweka hisa hizo kuwa rehani, akajaribu kujenga nchi za nje. Miaka iliyofuata bei ya hisa za ITT ikaanguka vibaya, madeni yakabaki yalivyo. Alipopewa ruhusa ya kujenga tena alikuwa mzee na wateja wake wa zamani walikuwa mababu. Katika miaka ya 1980 alilazimika kukubali kurudisha mamilioni ya dola yaliyotolewa kwenye mfuko wa hisani wa familia, akazuiwa kufanya biashara katika jimbo la New York. Alifariki Januari 1994 bila mali ya kuonyesha. Kampuni yenyewe ilipita mikono mingine, na mwezi wa Novemba 2007, bei za nyumba zilipoporomoka Marekani, ikaomba mahakama ulinzi dhidi ya wadai.

Tukisoma sehemu hii tunajiuliza mambo ya karibu. Vikundi vingine vina ploti ya pamoja, na hati imeandikwa jina la mwanzilishi mmoja, mtu mzuri ambaye kila mtu anamwamini. Vingine vimeweka ploti hiyo kuwa dhamana ya mkopo mmoja mkubwa, na wanachama nusu hawajui mkopo ni wa nini. Kama kikundi chenu kina hati, tunaomba kabla ya mkutano ujao watu watatu waende pamoja katika ofisi ya ardhi wakaitazame. Waandike majina yaliyo juu yake na kama kuna deni limeandikishwa.

Swali la nne. Mwanzilishi wenu akiamua kesho kuuza, au akiitwa na Mungu, ni nani anayeweza kuzuia au kuendeleza? Iko wapi karatasi inayosema hivyo?

Majibu ya swali la tatu na la nne andikeni mtutumie kupitia kwa karani wa ofisi ya maendeleo. Na yule mama mwenyekiti wa nyumba tatu kwa miaka miwili, kama umesoma mpaka hapa, tunangoja utuambie bei ya bati kwenu.